Uzito wa Watu wa Ncha

Risasi ya kwanza Lugano hakuisikia kwa masikio, aliisikia kooni. Mwanamume mmoja alianguka juu ya zege, na uzito wake uliokuwa umesimama kwa miguu miwili ukajimwaga wote kwa mpigo. Lugano, aliyelala chali ndani ya kibanda kilichojengwa juu ya nguzo ya daraja, akahisi kama amegongwa chini ya kidevu. Kisha nyayo zikaanza kukimbia, mamia ya nyayo, na koo lake lote likawasha.

"Wanarudi nyuma, afande!" askari alipiga kelele nje.

"Msiwape nafasi! Wasukumeni mpaka ncha!"

Risasi nyingine, kisha nyingine. Mwanamke alilia jina la mtu, akalirudia, kisha naye akanyamaza ghafla. Kwenye kioo kilichoning'inizwa juu ya benchi lake Lugano aliwaona watu wa Lwangulo wakirudi kinyumenyume, wanaume kwa wanawake, wengine wakiburuta majeruhi kwa mikono. Mbele yao kulikuwa na bunduki. Nyuma yao daraja liliisha, na chini ya mwisho wa daraja kulikuwa na bonde lenye mji wao.

Lilikuwa nusu daraja. Boriti moja nene ya zege ilianzia ukingo wa kusini, ikavuka hewani hadi kwenye nguzo moja ndefu iliyosimama bondeni, kisha ikachomoza mbele ya nguzo na kukatikia hapo. Upande wa pili Mamlaka haikuujenga kamwe, ilikuwa na mambo mengine ya kufanya. Kile kipande kilichochomoza ndicho watu walichokiita ncha.

Ndani ya zege mafundi walipitisha mshipa, uzi mwembamba uliooteshwa maabara, unaohisi kila mahali boriti inapovutwa na kila mahali inapogandamizwa. Mshipa peke yake ni uzi tu, unahitaji mgongo wa mtu. Ulipanda kibandani, ukaingia kwenye uti wa Lugano chini kidogo ya kisogo, na tangu hapo boriti na yeye wakawa mwili mmoja. Visigino vyake vilikuwa ukingo wa kusini, kiuno chake katikati ya boriti, mabega yake nguzo, na kichwa chake ncha. Zamani kulikuwa na vyombo vya kupimia. Wakubwa wakavichezea, madaraja yakaua watu, na Mamlaka ikapata akili yake ya ajabu kwamba mtu anayeumia hawezi kuchezewa. Kila boriti ikapewa mgongo, mtu aliyeitwa mpokezi. Migongo ilichukuliwa kwa vijana wa mabondeni, na Lwangulo ulikuwa mji wa kwanza kusema sasa basi, hatutoi mtoto mwingine.

Ndiyo maana mizinga ilikuwa inakuja, na watu wake walikuwa wamepanda darajani kwa ngazi ya nguzo kuizuia.

Mlango ulipigwa teke. Kamanda Shilatu aliingia, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na damu ya mtu mwingine kwenye mkono wa shati. Nyuma yake alikuwa Koplo Bigambo, mlinzi wa kibanda, ambaye asubuhi ile alikuwa amevua koti lake, akalikunja na kuliweka chini ya kichwa cha Lugano bila kuombwa.

"Mpokezi, nipe hali."

"Inabeba, afande."

Wapokezi walikuwa na miito miwili tu, Inabeba na Inalia. Chini ya kidole gumba cha Lugano kulikuwa na kitufe, na alipokibonyeza sauti yake ilitoka kwenye vipaza sauti vilivyopangwa kando ya boriti nzima, ili kila aliye juu yake asikie. Kwa sheria hakuna mkubwa aliyeruhusiwa kuvizima, na waya zake zilizikwa ndani ya zege ili asiweze hata akitaka. Ilikuwa sheria ya haki kuliko zote Mamlaka ilizowahi kutunga, nadhani waliitunga kwa bahati mbaya.

"Mbona jasho linakutoka?"

"Mzinga wa pili unaingia, afande. Kiuno kinavutika."

"Nina mizinga minne, na yote lazima ikae katikati. Ukiwa ukingoni huoni Lwangulo, unaona mlima tu. Itabeba minne?"

"Kwa shida, afande."

"Basi tuipunguzie mzigo." Kamanda alichungulia ncha kwa dirisha. "Wamejazana pale kama nzige. Bigambo, nenda waambie wawatupe chini."

*

Kosa la Kamanda lilikuwa la mtu aliyezoea kupakia malori. Aliamini uzito ni uzito popote ulipo, ukiutoa gari linapumua. Lakini boriti si lori. Laza ubao juu ya magogo mawili, uache kipande kimoja kichomoze nje ya gogo la pili. Mtu akikaa katikati, ubao unabonyea. Mwingine akikaa kwenye kile kipande kilichochomoza, kinashuka, na katikati panainuka kidogo. Aliyekaa nje anambeba aliyekaa ndani, wala hajui.

Lugano alijua, kwa sababu alikuwa analisikia jambo hilo mwilini. Mizinga miwili ilikuwa imekaa kiunoni mwake, ikiuvuta mgongo wake kwa chini na kulikunja tumbo. Watu wa ncha walikuwa wamemning'inia kichwani kama mtu aliyelala kichwa kikaning'inia nje ya kitanda, koo limekazwa, kisogo kimegandamizwa. Yalikuwa maumivu mawili, na moja lilikuwa linapunguza lingine. Kwenye mabega, pale nguzo ilipopokea kila kitu, nguvu ya kukata ilimsaga kama mkasi butu.

Kwa hiyo akinyamaza, Kamanda angewaua watu wa ncha, kisha angesogeza mizinga minne katikati, na boriti ingekatika. Mizinga ingeanguka, askari wangeanguka, na yeye pia angekufa, maana mpokezi haponi boriti ikivunjika mwilini mwake. Na mji mzima wa Lwangulo ungepona.

Akisema, watu wa ncha wangepona leo, na Lwangulo ungepigwa mizinga.

Tusimpake rangi nzuri. Alinyamaza.

Wa kwanza kutupwa alikuwa mzee aliyejeruhiwa mguu. Askari wawili walimshika makwapa, akawa anawaomba, akiwaita wanangu, wanangu. Lugano alihisi koo likilegea kidogo, kidogo sana, na kiuno kikikaza kwa kiasi hichohicho. Wa pili alipigana, akamng'ata askari sikio, wakamvunja taya kwa kitako cha bunduki kabla ya kumsukuma. Wa tatu alikuwa mwanamke, akaruka mwenyewe kabla hawajamgusa. Kila aliyeondoka alimwachia Lugano nafasi kooni, na nafasi ile ilimuuma kuliko maumivu yenyewe.

Kisha kwenye kioo akaona kitambaa cha manjano.

Sekela, mdogo wake, wa tumbo moja. Walikuwa hawajazungumza tangu Lugano alipokubali kuwekewa mshipa. Sekela alimwambia siku ile, "Utakuwa mgongo wao, na wao watakuwa miguu juu yetu," akafunga mlango. Sasa alikuwa amesimama mbele ya wenzake, mikono ameitandaza, akiwatukana askari matusi ambayo mama yao asingeyavumilia. Askari mmoja alimshika kitambaa pamoja na nywele, akaanza kumburuta ukingoni.

"Acha!" Lugano alipiga kelele, kidole kwenye kitufe, na daraja zima likamsikia. "Wakiondoka wale, boriti inalia! Inalia! Wale ndio wanaowabebeni!"

Askari wote waligeuka. Sheria ile ilikuwa imewakaa mifupani, neno Inalia likitoka unasimama hapo ulipo. Sekela aliachwa, akaanguka magoti.

Kamanda, aliyekuwa nje akitazama, alirudi kibandani taratibu. Aliinama hadi pumzi yake ikamfikia Lugano usoni.

"Rudia, dada. Nieleze kama mtoto wa shule."

Akaeleza habari ya ubao na magogo. Kamanda alisikiliza kwa makini, mtu mbaya lakini si mjinga, kisha akacheka kwa raha.

"Kumbe ni mawe ya mizani yangu. Na mimi nayatupa!" Akatoa kichwa dirishani. "Wakalisheni chini! Mwisho kabisa wa ncha, mikono kichwani! Atakayesogea huku hata hatua moja, pigeni. Lete mizinga!"

Lugano alifumba macho. Alikuwa amemwokoa mdogo wake, na kwa kinywa hichohicho alikuwa ameiimarisha boriti kwa ajili ya mizinga. Alijichukia kiasi cha kutamani ikatike muda uleule.

*

Mizinga yote minne ilipofika katikati, hakuwa tena na kiuno. Alikuwa na kitu kilichokazwa kama kamba ya kuanikia nguo za jeshi zima. Boriti ilikuwa ukingoni kabisa mwa uwezo wake, lakini ilikuwa inabeba, na alipoulizwa akasema inabeba, kwa sababu ilikuwa kweli.

Msimamizi wa mzinga wa nne alikuwa amejeruhiwa kwa jiwe, na Bigambo akaamriwa akashike nafasi yake. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada Lugano, mimi sina ugomvi na watu wa chini. Nimetumwa tu."

"Najua, koplo."

"Ikianza kulia, niite mapema. Tafadhali. Usinifiche."

"Sitakuficha."

"Koti acha hapohapo, nitalichukua baadaye."

Mzinga wa kwanza ulifyatuka. Teke lake lilipita kwenye zege likaingia tumboni mwa Lugano, akatapika ubavuni. Bonde likarudisha mlio. Kisha kutoka chini, kwa mbali, ikaja sauti ya nyumba kuanguka, na moshi ukaanza kupanda mbele ya dirisha. Watu wa ncha wakapiga ukelele mmoja. Walikuwa wanatazama paa za nyumba zao, mikono kichwani, wamelazimishwa kuketi na kuwa uzito wa kuishikilia mizinga isianguke. Mmoja aliinuka kwa hasira, akapigwa risasi ya uso, akawaangukia wenzake mapajani.

Mzinga wa pili ukafyatuka. Safari hii moshi ulitoka karibu na soko.

Lugano alifikiri haraka, na alifikiri kwa mwili. Watu wakibaki ncha, boriti inabeba. Wakirudi nyuma na kukusanyika hapa, juu ya nguzo, uzito wao utaingia moja kwa moja mabegani na kwenda ardhini, hautainua tena katikati. Kiuno kitakatika. Kichwa cha nguzo kilimwagwa pamoja na boriti, chuma kimoja, zege moja. Waliokaa juu ya mabega wangeweza kubaki, kama Mungu angependa. Walio katikati wasingebaki. Katikati kulikuwa na Bigambo na vijana wengine waliokuwa wametumwa tu.

Alipiga moyo konde, akabonyeza kitufe.

"Sekela. Ni mimi, dada yako. Sikilizeni nyote mlio ncha. Mizinga hii mmeishika ninyi. Inueni miguu mje kwangu, kwenye nguzo, wote kwa pamoja. Mkae juu ya nguzo, msipite hata hatua mbili. Na ninyi askari wa katikati, nawaambia mapema kama nilivyoahidi. Wakifika hapa, boriti italia. Iacheni mizinga, kimbilieni ukingoni. Kimbieni sasa!"

Kisha Sekela akasimama, na wote wakasimama naye.

Walioko mbele walikufa. Safu ya askari kwenye nguzo ilifyatua kwa karibu kiasi kwamba nguo zilishika moto. Watu waliwaruka walioanguka, wakaendelea kuja, bila silaha, wakipiga kelele tu, na ikafika mahali bunduki zikawa fupi kuliko mikono. Lugano alimsikia kila mmoja. Koo lililegea, mabega yakajaa, na mgongo wake ukaanza kupasuka kwa chini, uzi baada ya uzi.

"Inalia!" aliita. "Inalia! Tokeni!"

Kwenye kioo aliona askari wa katikati wakiruka kutoka kwenye mizinga na kukimbilia kusini. Mlangoni mwa kibanda Kamanda akafoka kwenye redio yake. "Atakayeondoka kwenye mzinga nitampiga mwenyewe! Ni uongo! Rudini!" Baadhi walisita. Wengine walirudi. Bigambo alikuwa ameshafika mbali, salama au karibu na salama, akageuka, akawaona waliorudi, akakimbia kuwafuata akiwavuta kwa mikanda na kuwazaba makofi.

"Bigambo, acha! Inalia!"

Kamanda aliingia na bastola. Alimpiga Lugano mdomoni kwa mtutu, meno yakamjaa kinywani, kisha akafyatua. Risasi ilimwingia pajani, lakini Lugano hakuweza kuitofautisha na mengine. Wakati huohuo kiuno chake kilikatika.

Hakuna neno la jambo lile. Zege lilipasuka kwa chini, vyuma vikanyooka na kukatika kimoja kimoja kwa mlio mkali, na katikati ya boriti ikafunguka. Mzinga wa tatu ulikwenda kwanza, kisha wa pili, kisha yote. Alimsikia kila mtu aliyeondoka juu yake. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa bado anamvuta mwenzake mkanda, wakaondoka wawili kwa pamoja.

Halafu visigino vyake vikapotea, na magoti, na mapaja, kila kitu chini ya mbavu kikawa kimya.

*

Kilichobaki ni mabega. Juu ya mabega kulikuwa na watu, wamerundikana, wengine wakivuja damu, wengine wamemlalia askari aliyekuwa akiwapiga risasi muda mfupi uliopita. Nguzo ilitikisika, ikatikisika tena, ikatulia. Ndani yake kulikuwa na ngazi ya chuma iliyoshuka hadi mtoni.

Watu walimtoa Kamanda nje ya kibanda, na Sekela akaingia. Kitambaa hakikuwepo, na sikio moja lilikuwa limechanika. Alimtazama dada yake, akaona mdomo, akaona paja, akapiga magoti na kumshika mkono.

"Dada. Nikuchomoe huu uzi?"

"Usiguse. Washuke kwanza. Nani atawaambia kama inabeba?"

"Unaumwa?"

"Juu tu," Lugano alisema. "Chini sina kitu." Na hapo akalia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kulikuwa na mmoja aliniachia koti, Sekela. Nilimwahidi nitamwita mapema, na nilimwita. Alirudi mwenyewe."

Sekela alimfuta damu kwa kiganja.

Nje kelele zikapanda. Mlango ulifunguka, wakaingia wanaume wawili wakimburuta Kamanda Shilatu kwa kola. Uso wake ulikuwa umepigwa hadi hautambuliki, na ile sauti ya upole haikuwepo tena.

"Dada mpokezi," mmoja alisema, akihema. Shati lake lilikuwa limelowa damu ya mtu aliyekufa mapajani mwake. "Huyu tunamtupa. Tunauliza tu, tukimtupa, itabeba?"

Watu wote nje walitega masikio. Lugano alimpima yule mtu mnene juu ya mabega yake. Alikuwa si kitu. Awepo, asiwepo, nguzo isingejua. Kamanda alikuwa akimtazama kwa jicho moja lililobaki wazi, akisubiri neno moja kati ya mawili, kama alivyosubiri siku nzima.

Mpaka hapo Lugano hakuwa amewahi kudanganya kuhusu boriti. Akabonyeza kitufe.

"Inalia," alisema. "Huyu akitupwa, tunaanguka wote. Mpelekeni ncha. Akae mwisho kabisa, mikono kichwani, asisogee hata kidogo mpaka wa mwisho wenu afike chini. Uzito wake ndio unaotushika."

Wanaume walitazamana, wakaapiza, lakini walimwachia kola. Kamanda alitambaa mwenyewe kwenda ncha, akapita juu ya maiti alizoziacha pale, akaketi mwisho wa zege, akaweka mikono kichwani. Alikuwa anaogopa hata kukohoa.

Sekela alimtazama dada yake usoni. Walilala kitanda kimoja utoto wote, na hakuna uongo wa Lugano ambao hakuujua. Akaukaza mkono aliokuwa ameushika.

"Majeruhi watangulie," Lugano alisema, na kidole chake kikabonyeza tena. "Inabeba. Shuka. Inabeba. Mwingine."